Siku Tulipokula kwa Wachina

Kazi yetu ni ukatekista katika kijiji kimoja cha Ubwari, ile rasi iliyojinyosha ndani ya Ziwa Tanganyika mbele ya Baraka. Chakula chetu twakijua tangu utoto: ugali wa muhogo, sombe iliyotiwa mawese, ndakala waliokaushwa juani, na migebuka siku wavuvi wanapobahatika. Mambo ya mahoteli hatuyajui sana. Lakini mwaka 2023 tulikula chakula cha Wachina katika mji wa Dar es Salaam, na jambo lililotupata pale mezani latuaibisha hata leo. Twaliandika kwa sababu twafikiri ya kuwa aibu ile si yetu peke yetu.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Chama cha wavuvi wa kijiji chetu kilitutuma kutafuta vipuri vya mashine ya mtumbwi, maana huko Baraka bei yake ilikuwa imepanda mno. Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukapanda basi, tukafika Dar es Salaam miguu imevimba. Huko tukapokewa na rafiki yetu, mzaliwa wa Ujiji, Mmanyema, ambaye babu zake walitoka upande wetu wa Kongo zamani za misafara ya pembe za ndovu. Tulijuana naye miaka ile alipokuwa akija Baraka kununua mawese. Siku hizi ameajiriwa katika duka la vitambaa Kariakoo. Yeye ni Mwislamu, sisi tu Wakristo, na urafiki wetu haujapata kuugua kwa ajili hiyo.

Vipuri vilipopatikana, rafiki yetu akatuambia: "Mwalimu, leo huli ugali. Leo nakupeleka kwa Wachina ukale tambi."

Tulicheka, lakini moyo ulirudi nyuma. Ni nani asiyejua maneno yasemwayo? Huko kwetu watu husema ya kuwa Mchina hula kila chenye miguu minne isipokuwa meza. Wengine husema mbwa wakipotea kijijini, tazama kama hakuna Mchina aliyepita. Sisi wenyewe tulipata kuyasema maneno hayo mbele ya vijana ili wacheke. Basi tulikwenda, kwa kuwa kumkatalia rafiki anayetoa fedha yake ni kumvunjia heshima, lakini tulikwenda kama mtu aendaye kung'olewa jino.

Hoteli ile ilikuwa chumba kidogo cha ghorofani, meza nane tu, na pangaboi likizunguka taratibu. Juu ya mlango palikuwa na maandishi ya Kichina, na pembeni yake neno moja la herufi za Kiarabu. Hatukuyajali, maana yote mawili hatujui kuyasoma. Karibu na jiko aliketi mama Mchina, umri wake yapata miaka hamsini, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Tukadhani ni usafi wa mpishi tu. Mbele yake palikuwa na bakuli la nyama iliyosagwa na vipande vidogo vya mviringo vya unga wa ngano, vyembamba kama chapati changa. Alikuwa akitia nyama kidogo katikati, akikunja, akibana ukingo kwa vidole, na kuviweka katika sinia mstari kwa mstari.

Nyuma yake alisimama kijana mmoja, naye alitushangaza zaidi. Alishika donge la unga, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likawa kamba ndefu kama urefu wa mikono yake. Akaikunja kamba ile, akaivuta tena, zikawa mbili. Akakunja, zikawa nne. Sisi watu wa ziwani tunaojua kusokota nyuzi za nyavu tulianza kuhesabu kwa siri: nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mara ya saba zilikuwa nyuzi 128, zote nyembamba sawasawa, wala hakutumia kisu. Akazitupa katika maji yachemkayo. Ndizo tambi za rafiki yetu.

Vifuko vya nyama vililetwa kwanza. Vilikuwa vyeupe, vyatoa mvuke, vina umbo la sikio la mtoto. Fikiri sambusa, lakini sambusa isiyokaangwa bali iliyochemshwa. Pembeni palikuwa na kibakuli cha siki nyeusi na pilipili. Tuliwekewa vijiti viwili badala ya uma. Rafiki yetu akatia mkono kwa furaha. Sisi tukakitazama kile kifuko. Nyama ilikuwa imefichwa ndani, na kilichofichwa ndicho kinachomtia mtu wasiwasi.

Tukamwinamia rafiki yetu, tukamwuliza kwa Kiswahili, tukidhani hapana mwingine asikiaye: "Una hakika hii si nyama ya mbwa?" Kisha, Mungu atusamehe, tukacheka kidogo.

Rafiki yetu hakucheka. Yule mama akaweka chini kifuko alichokuwa akikikunja, akafuta vidole vyake, akasema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kilichonyooka:

"Ni ng'ombe, mwalimu. Nimeinunua asubuhi hapa hapa Kariakoo. Sisi Waislamu. Mbwa kwetu haramu, nguruwe haramu."

Hakupaza sauti. Laiti angalipaza, tungalipata sababu ya kukasirika, na hasira ingalitusitiri. Alisema kwa upole kama mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara nyingi, kisha akarudia kazi yake. Hapo tukaelewa maana ya kitambaa kichwani, na ya lile neno la Kiarabu mlangoni. Rafiki yetu alikuwa ametuchagulia hoteli ile kwa kuwa yeye mwenyewe aweza kula kila kitu pale bila mashaka. Katika chumba kile mjinga alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyezoea kuwafundisha wengine.

Uso ulituwaka. Lakini kilichotuumiza zaidi ni kumbukumbu iliyotujia wakati ule ule.

Mwaka 1996 vita vilipofika Fizi, tulikuwa mtoto wa miaka minane. Tulivuka ziwa usiku pamoja na mama, na mwisho tukawekwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Miaka kumi tuliishi huko. Chakula cha mgao kilikuwa unga wa mahindi, mbaazi za manjano na mafuta kidogo, na mama alikuwa akihangaika kutafuta majani ya muhogo ili tupate kuonja sombe ya nyumbani. Siku moja tulikwenda naye sokoni nje ya kambi. Mtu mmoja pale alimtazama mama, akamwuliza mbele ya watu: "Ninyi Wakongo, ni kweli mnakula watu?" Watu wakacheka. Mama hakujibu. Alilipa chumvi yake, akatushika mkono, tukaondoka. Njiani alituambia neno moja tu: "Yule hakuuliza ajue. Aliuliza acheke."

Tena tulikumbuka mwingine, mama Muha wa kijiji cha jirani, aliyekuja siku moja kuuza ndizi akamkuta mama akitwanga majani. Naye aliuliza: "Hayo mnayapikaje?" Mama akamwonyesha kinu, akamwonyesha chungu. Wakagundua ya kuwa mboga ile ile yeye huipika kwake, ila kwa njia nyingine kidogo. Akaketi akala. Tangu siku hiyo alikuwa akileta majani kila alipopita.

Basi, wasomaji, sisi tuliokuwa watoto wa yule mama aliyechekwa sokoni, ndio tuliokuwa tumeketi Kariakoo tukimwuliza mama mwingine swali lile lile kwa kicheko kile kile. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nao walisema kweli. Lakini kuna kuuliza kwa ujinga.

Tukainuka. Tukaenda hadi pale alipoketi, tukasema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, bado akikunja.

"Tumekosa. Tumesema neno baya juu ya chakula chako."

Akatutazama sasa. "Nina miaka kumi na sita hapa," akasema. "Mwanangu alipoanza shule, watoto walimwuliza neno hilo kila siku. Siku moja akaniambia, mama, usinifungie chakula cha nyumbani tena. Nifungie chipsi." Akanyamaza kidogo. "Chakula kinapoa, mwalimu. Nenda ukale."

Tulirudi tukala. Twasema kweli: kilikuwa kitamu. Ngozi ya unga ilikuwa laini lakini ina ukinzani kidogo kwenye jino, na ndani nyama ya ng'ombe ilikuwa na tangawizi na majani ya vitunguu, na mchuzi wake wa moto ulituruka mpaka kwenye shati. Vijiti vilitushinda. Kifuko cha kwanza kiliangukia katika siki, cha pili sakafuni. Yule mama alimtuma kijana atuletee kijiko, lakini tukaomba atuonyeshe kwanza. Akaja mwenyewe: kijiti cha chini hakitikisiki, kimelala kati ya kidole gumba na kidole cha pete, cha juu ndicho kinachocheza, kama mdomo wa ndege. Kifuko cha sita kilifika kinywani salama, na rafiki yetu akapiga makofi.

Kisha zikaja tambi katika mabakuli makubwa. Mama yule, alipoona ya kuwa sasa twauliza ili tujue, alitueleza mengi. Kwao ni mji wa Lanzhou, katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, kando ya mto mkubwa uitwao Mto wa Manjano. Tambi za nyama ya ng'ombe za mji ule zina mambo matano ambayo mpishi hupimwa kwayo: mchuzi uwe mwangavu, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani yawe ya kijani, na tambi zenyewe ziwe za manjano kidogo. Husimuliwa ya kuwa aliyezipa sifa hiyo ni Mwislamu mmoja wa Lanzhou aitwaye Ma Baozi, aliyeanza kuziuza mwaka 1915. Waislamu wa kabila lao, Wahui, ni zaidi ya milioni 10 katika China, na dini yao imekaa huko zaidi ya miaka elfu moja. Sisi tulidhani Mchina ni mtu wa namna moja tu.

Wala vyakula vyao si vya namna moja. Kaskazini, mahali penye baridi na ukame, hulimwa ngano, na watu hula tambi, mikate ya mvuke na vile vifuko, ambavyo jina lake ni jiaozi. Kusini, penye mvua nyingi, hulimwa mpunga, na watu hula wali. Si sawa na kwetu, ambako mmoja hasemi amekula mpaka aone ugali wa muhogo, na mwingine bila ndizi hulala na njaa? Watu wengi wa kaskazini huketi jamaa nzima usiku wa kuamkia mwaka mpya wakikunja jiaozi, na wengine huficha sarafu katika kifuko kimoja. Atakayeipata husemwa ana bahati. Na siku ya kuzaliwa mtu hupikiwa tambi ndefu, wala hazikatwi, kwa kuwa urefu wake ni alama ya maisha marefu.

Nasi baadaye tulisoma habari nyingine inayoafikiana na hayo. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza ya kuwa katika mahali paitwapo Lajia, kando ya mto ule ule juu ya Lanzhou, walikuta bakuli la udongo lililopinduka, na chini yake tambi za miaka 4,000 hivi. Walisema zilifanywa kwa nafaka ndogo za namna ya uwele, si ngano. Mtu alikuwa amekaa kula, maafa yakaja, akaacha bakuli lake. Sisi tuliokimbia Fizi tukiacha chungu jikoni twajua jambo hilo bila kufundishwa.

Na habari ya mbwa je? Tusifiche. Ziko sehemu za China ambako watu wengine huila nyama hiyo, na Wachina wenyewe hawapatani juu yake. Mji wa Shenzhen uliipiga marufuku mwaka 2020. Lakini katika nchi yetu ya Kongo pia wako walao viwavi kwa furaha na wako wanaovikimbia, na hatungependa mgeni ahesabu viwavi hivyo juu ya kila mtu wa Ubwari.

Angalieni pia tofauti ya rafiki yetu na sisi. Yeye naye aliuliza siku ya kwanza alipoingia hoteli ile, kabla yetu. Alimwuliza yule mama: "Mama, mimi Mwislamu, naweza kula nini hapa?" Swali lake lilikuwa juu ya nafsi yake, na ya sheria aishikayo. Letu lilikuwa juu ya mwingine, tumhukumu. Maneno yanakaribiana, lakini lake lilijibiwa kwa karibu, na letu lilijibiwa kwa huzuni.

Tulipokwisha kula, mama akaleta hesabu, akatoza bei kamili bila kupunguza. Hilo tulilipenda. Msamaha si punguzo.

Rafiki yetu anakaa upande wa Gongo la Mboto, nasi tulilala kwake. Kesho yake akatupeleka kuona makaburi ya Wachina yaliyo huko. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina, pamoja na Watanzania na Wazambia, walijenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wengine walikufa kazini au kwa maradhi, na hapo wamelala zaidi ya 60, mistari kwa mistari, mbali na ule mto wao. Tulisimama kimya.

Sasa twawaelezeni yaliyotupata tuliporudi, maana hapo ndipo penye uzito. Tulipofika Baraka na vipuri vyetu, vijana walituzunguka tusimulie safari. Tukasimulia yote, pamoja na aibu yetu. Mmoja wao, kijana mwenye akili, akasema: "Mwalimu, kumbe umenunuliwa kwa sahani ya tambi? Dhahabu yetu inakwenda, mito inachafuka, nawe unawasifu?"

Swali lake si la kupuuzwa. Katika Kivu ya Kusini watu wamelia sana juu ya dhahabu. Mwezi wa Agosti 2021 serikali ya jimbo ilisimamisha kazi za makampuni ya Wachina yaliyokuwa yakichimba katika wilaya ya Mwenga, kwa sababu wananchi walilalamika juu ya mito na mashamba yao. Hatukumwambia kijana yule asahau. Tulimwambia hivi: "Neno la dhahabu lina mahali pake. Lipeleke kwa chifu, kwa serikali, kwa wanasheria. Taja kampuni, taja mto, taja siku. Lakini yule mama wa Kariakoo hakuchimba mto wako. Ukimtukana yeye kwa ajili ya chakula chake, mto haurudi kuwa safi, ila wewe umejichafua."

Kijana hakukubali upesi. Alisema: "Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba." Tukanyamaza, maana hata neno hilo lina ukweli wake. Twaendelea kuzungumza naye mpaka leo.

Nyumbani tulimweleza mke wetu namna ya kukunja. Akakanda unga wa ngano kwa maji na chumvi kidogo, akausukuma vipande vya mviringo, akatia migebuka iliyopikwa na kutolewa miiba, pamoja na kitunguu na tangawizi. Akavitia katika maji yachemkayo mpaka vikaelea, kwa kuwa kuelea ndiyo alama ya kuiva. Vya kwanza vilipasuka vikawa supu. Vya mara ya pili vilisimama. Watoto walikula wakagombania cha mwisho.

Wakati ule mama yetu, ambaye sasa ni mzee na macho yake yamefifia, alikuwa ameketi mkekani. Tukampa kimoja mkononi. Akakigeuza geuza, akakigusa ukingo kwa kidole.

"Ndani mna nini?" akauliza.

Tukamwambia. Akakila, akatafuna polepole, akaomba kingine. Kisha akatutaka tumweleze habari za yule mwanamke aliyetufundisha: kwao ni wapi, ana watoto wangapi, na je, amezoea nchi ya watu?